Kadi Inang'aa, Draiva Marehemu

Oya wanangu wa Kusini, tuelewane mapema kabla mnada wa kwanza wa korosho haujaanza kuwapandisha watu mizuka. Mtu akijimwambafai kwamba mashine yake "inakanyaga gemu zote", usimuulize RAM ngapi, wala kadi ina GB ngapi. Muulize draiva ya mwisho ya hiyo kadi ilitoka mwaka gani. Akianza kukuna kisogo, hapo kuna magumashi.

Nawaongelea masela wa gemu za ndege. Tupo wachache, najua. Masasi na Newala ukiingia banda la gemu ni mpira tu: pedi mbili, foleni ya madogo, kelele kama zote. Anayetaka kurusha ndege anajifungia geto na laptopu yake na hana wa kumshangilia. Ila huku kwetu ugonjwa huu una sababu. Nenda Newala pale Shimo la Mungu jioni, usimame ardhi inapokatika ghafla: bonde la Ruvuma liko chini kabisa, ng'ambo ni Msumbiji, upepo unakupiga kifuani. Shuka Masasi ukutane na yale majabali yaliyochomoza katikati ya tambarare, kila moja na umbo lake. Mtu aliyekulia hapo lazima siku moja atamani kuyaona yote kutoka juu.

Na inawezekana, tena kwa mteremko. FlightGear ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Unachukua Cessna 172, unapaa Mtwara, ambako kwa lugha ya marubani ni HTMT, unaelekeza pua kusini magharibi, na baada ya nusu saa na ushee uko juu ya Newala. Ardhi yake imetokana na vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Ndiyo maana ule ukingo upo kwenye skrini, unauona kabisa unavyoporomoka kuelekea Ruvuma. Majabali ya Masasi nayo yapo, ila yamepungua ukali, kwa sababu vipimo vile vinaachana kama mita 90 na jabali jembamba linapotelea katikati.

Sasa hapo angani ndipo mashine inapoanza kuzingua. Kwenye gemu ya mpira dunia inaishia jukwaani. Kwenye ndege dunia haina ukuta: ukiwa futi elfu tisa unaona kilomita kibao kila upande, na kila mti, wingu na kivuli kinatakiwa kuchorwa upya mara 30 kwa sekunde. Prosesa inapiga hesabu za upepo na mbawa, kadi ya grafiksi inachora, na draiva ndiyo inayochukua amri za gemu na kuzigeuza ziwe kazi ambayo kadi hiyo inaielewa. Draiva ikiwa ya zamani, kadi inaweza kuwa na nguvu na bado isijue inaambiwa nini. Matokeo yake skrini inapiga weusi, miti inacheza disko, au gemu inagoma kufunguka kabisa.

Tuangalie historia kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopigwa.

Agosti 18, 2020 ilitoka Microsoft Flight Simulator, kazi ya vijana wa Asobo kule Bordeaux, Ufaransa. Unyama mtupu. Kwenye masharti yake, kadi ya chini kabisa upande wa Nvidia ilikuwa GTX 770, na ya kujidai ilikuwa GTX 970. Wenye 770 wakachekelea. Oktoba 2021 Nvidia ikasimamisha draiva za gemu kwa ukoo mzima wa Kepler, na 770 ikiwemo. Yaani kadi iliyoandikwa mlangoni kama kiingilio ilistaafishwa kabla gemu haijafikisha mwaka mmoja na nusu.

Ukadhani wamejifunza. Novemba 19, 2024 likatoka toleo la 2024, na safari hii kiingilio cha chini ni ileile GTX 970 iliyokuwa ya kujidai. Haya, Oktoba 2025 Nvidia ikafunga draiva za gemu kwa Maxwell na Pascal. Hapo imeondoka 970, imeondoka 750 Ti, imeondoka 1050 Ti na 1060 ambazo ndizo zimejaa kwenye desktopu za mtumba. Wamebakiziwa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. AMD nao walishafanya hivyo Juni 2021 kwa HD 7000 na kina R7 na R9 za 200 na 300. Mimi nimeacha kuamini lile neno "kiwango cha chini". Kwenye gemu za ndege lina maana kwamba siku zako zinahesabika.

Msinielewe vibaya: kadi kustaafu siyo kufa. Gemu uliyonayo leo itaendelea kuruka na draiva uliyonayo leo. Kinachokufa ni uhakika wa kesho, pale gemu itakapojiapdeti na kudai kitu ambacho draiva yako haijawahi kukisikia.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu huku hatuna hata hiyo 970. Tuna laptopu za ofisini zilizostaafu Ulaya au Marekani, zikapita Dubai, zikafika Kariakoo, zikapakiwa kwenye basi la Kusini zimefungwa kwa boksi na gundi ya karatasi. Nyingi ni za 2013 na 2014, zenye grafiksi ya Intel HD 4400 iliyobanwa humohumo kwenye prosesa. Hiyo ndiyo mashine yetu ya taifa. Na siri yake ni hii: kwenye Windows, Intel haijawahi kuipa draiva ya Vulkan, ile njia mpya ya gemu kuiamuru kadi. X-Plane 12, iliyotoka Desemba 2022, inachora kwa Vulkan peke yake. Kwa hiyo utachoma bando, utasubiri usiku kucha, na mwisho wa siku haifunguki. Hapo tatizo si RAM, na ukiongeza RAM utakuwa umemfaidisha muuza RAM.

Mashine hiyohiyo ukiipa FlightGear ya 2020.3, inaruka. Ukiipa X-Plane 11 kwa njia yake ya zamani ya OpenGL, mawingu chini, vivuli zima, inajikongoja ila inatua. Flight Simulator X ya 2006 ndiyo kabisa, haina makuu. Na kama una moyo wa kuhamia Linux, kuna kundi la Mesa, watengenezaji wa draiva za wazi ambao hawajali kiwanda kimestaafisha nini. Radeon kuukuu na Intel za zamani bado wanazilea, na hiyo HD 4400 kwao inapata OpenGL mpya kuliko ile ya Windows. Nvidia ya zamani ndiyo inayosumbua huko, draiva yake ya wazi ni nzito.

Nilipita kwa fundi mmoja Masasi, siku hiyo amefungua mgongo wa laptopu ambayo mwenyewe alilalamika "draiva mbovu, ndege inakwama ikikaribia kutua". Fundi hakugusa programu yoyote. Alichukua brashi ya kupakia rangi, akasugua pale feni inapotolea hewa, vumbi jekundu likatoka vipande vizima, limegandamana na nywele. Pesti ya prosesa imekauka, anaibandua kwa kucha. Kisha akachomoa kijiti kimoja cha RAM, akaniuliza, "Kaka, unaona nafasi ya pili iko wazi?" Grafiksi ya Intel haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na kijiti kimoja maana yake inakopa kupitia mlango mmoja. Akaweka viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha 8. Ukubwa uleule, na fremu zikapanda kwa kuona kwa macho. Joto likishuka na mlango wa pili ukifunguka, nusu ya lawama za draiva zinaisha zenyewe.

Nusu iliyobaki ni ya kweli. Laptopu yenye grafiksi mbili mara nyingi inarusha ndege kwa ile dhaifu ya Intel huku Nvidia imelala. Ingia kwenye mipangilio ya grafiksi ya Windows uilazimishe. Windows yenyewe ina tabia ya kukuletea draiva yake kimyakimya na kufuta nzuri uliyopiga. Ikivurugika, kuna kiprogramu kinaitwa DDU, kinasafisha mabaki yote ili uanze upya. Na usipige draiva betri ikiwa taabani. Tuna gesi yetu ya Mnazi Bay inayotuzalishia umeme, sawa, lakini umeme ukikata katikati ya zoezi, mashine inaamka na picha kubwa za ajabu na ndege haipai.

Suala la bando: draiva moja ya Nvidia inakaribia GB moja. Usiifute baada ya kuipiga. Iweke kwenye flashi, mpe mshkaji wa Kitangari, naye ampe wa Tandahimba. Wenye Kepler watafute zinazoanza na 470, wenye Maxwell na Pascal mfululizo wa 580, wenye AMD zile za zamani 22.6.1. Hizo hazitapata tena maboresho ya gemu, ukiwa nayo unayo.

Kuna wizi mmoja lazima niutaje. Zipo kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti, boksi safi, stika inang'aa, kumbe ndani ni GTS 450 ya 2010 iliyobadilishwa bayosi ili idanganye jina. Inawaka vizuri dukani. Ukifika nyumbani ukapiga draiva ya 1050 Ti, mashine inaanguka, maana ukoo halisi wa kadi hiyo ulikatiwa draiva tangu 2018. Dawa yake ni GPU-Z, kiprogramu cha MB chache cha bure. Kadi ikiwa feki, kinaandika neno FAKE mbele ya jina lake. Kaa nacho kwenye flashi kila unapokwenda kununua.

Wa simu nao wasijione salama. Infinite Flight na RFS zinaruka vizuri kwenye simu, ila draiva ya grafiksi inakuja ndani ya apdeti ya simu yenyewe. Kampuni ikiacha kuleta apdeti, kwa simu nyingi huna pa kuitoa.

Msimu wa 2024/25 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na mkwanja wa namna hiyo ukiingia kitaa kila mtu anageuka mtaalamu wa mashine. Kwa hiyo ukiwa na hela mkononi, mwambie muuzaji awashe, afungue sehemu ya vifaa, usome jina kamili la grafiksi kwa macho yako. Toa simu, ingia tovuti ya kiwanda, angalia tarehe ya draiva ya mwisho. Ukikuta ni ya 2021, na yeye anataka bei ya mashine mpya, mrudishie, umwambie kiroho safi akuletee nyingine.