Bizimu la Askari: Shaba, Fedha au Ghushi?

Wazee wengi wa Mwambao walitumikia upolisi enzi za Mwingereza, na katika masanduku yao hukosi kukuta mshipi wa ngozi uliokauka na bizimu lake. Mzee akishatangulia mbele ya haki, wana huulizana: hili ni dhahabu au shaba? Mimi ni mpenzi wa vyombo vya kale na nimeletewa mengi ya namna hii. Leo nawaelezeni, wasomaji wangu, jinsi niyatazamavyo.

Kwanza hulipindua. Watengenezaji wa Uingereza, kama Firmin wa London na J. R. Gaunt wa Birmingham, waligonga majina yao nyuma ya kazi zao nyingi. Wengi wakiona nanga hudhani ni la askari wa majini. Sivyo. Nanga ni alama ya ofisi ya Birmingham ya kukagua fedha, iliyoanzishwa 1773, na mji huo hauna bahari. Ikiwa pamoja na nanga yupo simba anayetembea, hiyo ni fedha, sehemu 925 katika kila 1,000.

Lakini mengi ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sumaku haiivuti, na kutu yake ni ya kijani. Sumaku ikinata, ndani mna chuma. Jeupe lisilo na alama za fedha huenda likawa ni shaba iliyopakwa nikeli au kromu. Tazama pembeni liliposuguliwa, manjano hutokeza.

Kisha tazama taji. Matao yaliyoinuka kama kuba ni ya wafalme wa tangu 1901 hadi 1952. Ya Malkia Elizabeth yamebonyea katikati.

Walanguzi nao wana hila zao. Huchukua bizimu la kweli, wakalifanyia kalibu na kusubu jingine. Shaba ikipoa hunywea, basi nakala huwa ndogo kidogo, herufi zimefifia, na uso una vishimo.

Ndugu watatu walipata kunijia hawasemezani kwa ajili ya bizimu la marehemu baba yao. Mmoja alishikilia kuwa ni dhahabu, na kwamba mkubwa wao ataka kuwadhulumu katika mirathi. Nikawaonyesha kutu ya kijani ndani ya kulabu. Wakanyamaza kitambo, kisha yule mdogo akamwomba mkubwa wake radhi.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa nalo usilisugue kwa ndimu na majivu, maana chapa hufutika. Ukiliuza, mweleze mnunuzi kweli yake, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni haramu. Na ukiliweka, andika katika karatasi jina la mzee, kituo alichotumikia na miaka yake, uifunge pamoja nalo. Wajukuu watauliza.