Mwalimu Bora wa Sayansi Machoni pa Mwanachuo

Waulize wanachuo wa ualimu mwalimu bora wa sayansi ni yupi, hawatakawia kukujibu. Ni yule aliyeiva katika somo lake, anayeeleza ukaelewa, asiyemkaripia aliyekosea, na ambaye hakugeuza maabara kuwa stoo. Majibu hayo ni ya kweli, ila yote yametazamwa kutoka kwenye dawati.

Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliliona hilo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Alikadiria kwamba kijana anapomaliza sekondari amekwisha kukaa na walimu saa 13,000 hivi. Lakini mla pilau wa kila Ijumaa hajui mpishi alikaanga vitunguu mpaka rangi gani. Mwanafunzi humwona mwalimu akieleza; hamwoni usiku akichagua swali la kuanzia, wala akikisia darasa litateleza wapi.

Chukua usanisinuru. Mbao za mwembe mkubwa zimetoka wapi? Kwenye udongo, darasa litajibu, na yeyote aliyewahi kuweka mbolea shambani ataunga mkono. Kumbe ukiondoa maji, sehemu kubwa ya mwembe ule imetokana na hewa: kabonidioksidi ambayo majani huifyonza na kuitengenezea sukari. Mwalimu anayejua fomula ataiandika ubaoni, wanafunzi watainakili, na kwenye mtihani wataipatia. Vichwani mwao mti bado unakula udongo. Mwalimu bora alilijua kosa hilo kabla hajaingia darasani, akaja na swali la kulitikisa: mbona mwembe umenenepa miaka 30 na chini yake hakuna shimo?

(Kwa Tanzania kuna tatizo juu ya tatizo. Kidato cha kwanza, masomo yanapohama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kosa lenyewe halisikiki, maana mtoto hana maneno ya kulisema.)

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliutetea ujuzi wa aina hii, wa kujua mapema darasa litakosea wapi. Hautoshi ujuzi wa somo peke yake, wala mbinu za kufundisha peke yake. Kuna ujuzi wa somo kama linavyofundishika, na ndani yake mmo makosa ya kawaida ya wanafunzi.

Kwa hiyo, wakufunzi mnaokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, mkishatazama andalio la somo, zana na mwandiko wa ubaoni, muulizeni mwanachuo swali moja zaidi: leo wanafunzi wako walidhani nini kabla hujawaeleza? Asiyekuwa na jibu hajaanza kufundisha sayansi, hata kama darasa lilimpigia makofi.