Taa ya Kurudi Nyuma si ya Dereva

Ilikuwa yapata saa moja kasorobo ya jioni, wakati ambapo hapa Chakol jua huwa linazama upande wa Uganda, na giza huingia kwa pupa kama ilivyo desturi ya nchi zilizo karibu na ikweta. Nilikuwa nimeshusha magunia ya mahindi kwenye jiko la shule. Nikaingia katika pikapu yangu kuukuu, nikatazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto, nikatia gia ya kurudi nyuma. Gari lilikuwa limekwisha kuanza kusogea niliposikia kofi zito likipigwa kwenye bodi, na sauti ya mpishi ikipaa: "Mwalimu, simama! Mtoto!"

Niliposhuka nilimkuta msichana wa kidato cha kwanza amesimama hatua moja tu nyuma ya bampa, ndoo yake ya maji imemwagika, macho ameyatoa. Hakulia. Alinitazama akasema maneno ambayo sijayasahau hadi leo, ingawa ni miaka kadhaa sasa: "Mwalimu, nilidhani unaenda mbele."

Wala hakukosea. Gari halikumwambia lolote kinyume cha hayo. Taa zangu mbili nyeupe za nyuma zilikuwa zimekufa miezi mingi, nami nilijua. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa mimi dereva sikupungukiwa na kitu: gari liliwaka, lilibeba mzigo, lilifika Busia na kurejea. Hapo ndipo lilipo kosa letu sisi wenye magari makuukuu. Taa za mbele huzitengeneza siku hiyo hiyo zinapozimika, maana bila hizo hatuoni njia. Taa za kurudi nyuma zinamulika kidogo, ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kumwambia aliye nyuma kwamba chuma hiki sasa kinamjia yeye. Kwa kuwa hasara si yetu, tunaahirisha.

Na hebu msomaji afikirie ni nani aliye nyuma ya gari katika sehemu zetu hizi. Busia ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda, tangu enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Leo ni pikipiki, nazo hupenya kila mwanya unaoachwa na magari. Malaba kuna malori marefu yanayosubiri kuvuka, na kati ya malori hayo wamo wauza ndizi, wabeba mizigo na watoto wa shule. Wenye pikapu wengi wamezoea kumtegemea utingo, ambaye hupiga bodi kwa kiganja akiita "Rudi! Rudi! Kata!" Simdharau utingo; aliyeokoa maisha jioni ile ni kiganja cha mpishi. Lakini utingo hayuko kila siku, na sauti yake haisikiki penye honi ishirini. Huko Marekani, kifo cha mtoto wa miaka 2 aliyegongwa nyumbani kwao na gari lililokuwa likirudishwa nyuma kilichangia kutungwa kwa sheria mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa nchini humo sharti liwe na kamera ya nyuma. Sisi tusio na kamera tunayo balbu ya wati 21, na hata hiyo tunaiacha imekufa.

Sitaficha kwamba baada ya jioni ile nilikimbilia kwa mafundi kabla ya kukimbilia akili yangu. Wa kwanza alitoa fyuzi akaweka nyingine yenye ampea nyingi zaidi, akasema ile ya awali ilikuwa dhaifu. Hilo ni jambo la hatari, na nawaomba wanafunzi walishike: fyuzi huwekwa ili ife kabla waya haujaungua, na ukiweka iliyo kubwa kupita kiasi, waya ndio utakaotangulia. Niliirudisha ile ya zamani mwenyewe. Wa pili alilala chini ya gari, akafungua swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile ambayo hufunga mkondo wa umeme gia ya kurudi nyuma inapoingia. Akaniuzia mpya. Nililipa. Taa hazikuwaka. Wote wawili hawakugusa kasha la taa lenyewe, kwa sababu skrubu zake zilikuwa zimeliwa na kutu na zingewapotezea muda.

Basi Ijumaa moja nikawatoa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu darasani, nikawapanga kulizunguka gari. Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukavuta breki ya mkono, injini ikabaki imezimwa. Ufunguo ukawashwa, gia ikatiwa. Nikawaambia hatutabadilisha kitu chochote hadi tukiulize na kitujibu.

Swali la kwanza liliulizwa kwenye fyuzi, kwa testa ya fundi, ile taa ndogo yenye ncha kali na waya wa kubana kwenye chuma. Iliwaka pande zote mbili za fyuzi. Kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Swali la pili tuliliuliza chini, kwenye waya unaotoka katika swichi ya giaboksi. Testa ikawaka, kwa hiyo swichi ilikuwa inapitisha. Yaani fedha zangu zote mbili zilikuwa zimekwenda bure, na wanafunzi walilicheka hilo kwa adabu.

Zikabaki skrubu zenye kutu. Tulizipaka mafuta, tukasubiri, tukazifungua kwa taratibu. Upande wa kulia jibu lilikuwa wazi machoni: uzi wa balbu umekatika na kioo chake kimeingia weusi. Upande wa kushoto ndiko tulikokwama. Balbu ilikuwa nzima. Testa ilipoguswa kwenye ncha inayoleta umeme iliwaka vizuri. Umeme umefika, balbu nzima, na balbu haiwaki!

Msichana mmoja aliyekuwa amekaa ukingoni mwa pikapu ndiye aliyeuliza swali lililofungua fundo: "Mwalimu, kwenye kitabu kuna waya wa kwenda na waya wa kurudi. Hapa wa kurudi uko wapi?"

Nikamjibu, "Umeukalia."

Ndivyo ilivyo katika gari. Umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri kwa waya, lakini hurudi kwenye ncha hasi kwa kupitia bodi na shasi. Ni njia ya kuokoa waya, nayo ni njema gari likiwa jipya. Likizeeka, kutu huingia mahali ambapo waya mfupi wa taa umefungwa kwenye bati, na kutu haipendi kupitisha umeme. Tulichukua voltimita ya maabara, ncha moja tukaigusisha kwenye chuma cha kishikio cha balbu, ya pili kwenye ncha hasi ya betri. Mahali hapo panapaswa kusoma karibu na sifuri. Pakasoma karibu volti 12. Umeme ulikuwa umefika hadi ng'ambo ya balbu, ukakosa pa kupita.

Kisha mvulana mmoja akagundua jambo ambalo mimi sikuwa nimelitazama. Gia ilipotiwa, taa ndogo nyekundu za nyuma zilipata wekundu hafifu, kama makaa yaliyokaribia kuzimika, ingawa swichi yake haikuwashwa. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa unapenya kinyumenyume katika balbu za jirani, ukitafuta bati zima la upande wa pili ili urudi kwenu kwake. Dereva akiona ishara kama hiyo katika gari lake, asikimbilie kununua swichi. Aangalie kwanza waya huo unaofungwa kwenye bati.

Nikawapa hesabu ya papo hapo. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75, na ukinzani wa balbu ikiwaka ni karibu ohmu 7. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, kutu yenye ohmu 7 tu ingeinyang'anya balbu nusu ya volti zake au zaidi. Sikumbuki darasa jingine ambalo hesabu hiyo ilieleweka upesi kiasi hicho. Nimefundisha saketi ubaoni miaka mingi, waya wa kurudi nikiuchora kwa rula, ukiwa safi daima, usio na kutu; na sasa naona nilikuwa nikiwafundisha kuhusu umeme usioishi Chakol, wala Adungosi, wala mahali popote penye mvua na matope. Walimu wenzangu wa sayansi, gari kuukuu la mwalimu au la jirani ni maabara isiyoombewa bajeti.

Tulikwangua bati kwa msasa hadi likang'aa, tukakaza waya upya, tukapaka grisi kidogo kuzuia maji, tukatia balbu mpya upande wa kulia. Gharama yote ilikuwa balbu moja na kipande cha msasa.

Jioni hiyo nilimwita yule wa kidato cha kwanza, akasimama kando, karibu na mpishi. Nikatia gia. Ukuta wa jiko ukapata weupe. "Sasa unarudi, mwalimu," akasema, akachukua ndoo yake akaenda kisimani.

Kioo cha kasha la kulia kingali kina ufa. Nimekitafuta Busia, nimekitafuta Malaba, sijakipata. Nimekiziba kwa utepe, na kila mvua kubwa ikinyesha ninakifungua kukausha maji.