Plagi Zilizolowa Oili: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kuifungua Injini

Injini ya petroli iliyotumika miaka mingi huwa na dalili zake. Asubuhi hutetemeka kana kwamba silinda moja imegoma, hupungukiwa nguvu mlimani, na mmiliki hujikuta akiongeza oili kila wiki. Fundi akiichomoa plagi, huikuta nyeusi na imelowa. Hukumu inayotolewa hapo mara nyingi ni moja, kwamba injini imekwisha na inunuliwe nyingine.

Hukumu hiyo huenda ikawa sahihi, lakini kuna nyakati ambapo tatizo lote ni sili ya mpira yenye bei ndogo mno ukilinganisha na injini nzima. Tofauti hiyo si jambo dogo kwa gari linalopeleka chanjo katika zahanati, wala kwa kikundi cha vijana kilichonunua pikipiki kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani na ambacho marejesho yake hayasubiri pikipiki ipone.

Kwanza plagi yenyewe isomwe. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye ncha yake. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole huashiria petroli nyingi kupita kiasi, kichujio cha hewa kilichoziba au kabureta isiyorekebishwa vyema; oili haihusiki hapo. Weusi unaong'aa, wenye unyevu na utelezi usiokauka, ndio wa oili. Plagi hujisafisha yenyewe pale ncha yake inapopata joto la zaidi ya nyuzi 450 hivi, kwa hiyo gari la safari fupifupi za mjini huchafua plagi upesi kuliko linalosafiri mbali, hata kama uchakavu wa injini zake ni sawa.

Ni muhimu pia kutazama oili iko upande gani wa plagi. Katika injini nyingi za kisasa plagi hukaa ndani ya kisima kirefu kinachopita katikati ya kifuniko cha vali, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Sili za kisima hicho zikikauka, oili huvujia ndani na kuizunguka plagi kwa nje, ikalowesha udongo mweupe na mpira wa koili. Gari litakosa moto na litatetemeka, ilhali ncha ya plagi ni kavu na safi. Ugonjwa huo hauhusiani na pistoni hata kidogo. Huponywa kwa kubadilisha sili na gasketi ya kifuniko, na injini haifunguliwi.

Ikiwa ncha ndiyo iliyolowa, plagi zote zitolewe na kupangwa mezani kwa mfuatano wa silinda zake. Moja ikiwa imelowa na nyingine ni safi, kasoro imo katika silinda hiyo. Zote zikiwa zimelowa kwa kiwango kinachokaribiana, yafaa kushuku uchakavu wa jumla, oili iliyojazwa kupita alama, au vali ndogo inayoruhusu mvuke wa ndani ya injini urudi kwenye njia ya hewa. Vali hiyo ikikwama wazi, injini huvuta oili pamoja na mvuke. Ikiziba, msukumo hubaki ndani na kuisukuma oili kwenye sili. Ni kipuri cha bei nafuu kinachosahauliwa sana, na twashauri kiangaliwe kabla ya chochote kingine.

Kisha upotevu upimwe kwa namba badala ya kukisiwa. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ikae dakika chache, oili ijazwe hadi alama ya juu na kilometa ziandikwe. Baada ya kilometa 1,000 iongezwe kwa chombo chenye vipimo mpaka ifike alama ileile. Vitabu vya magari ya Toyota hutaja lita 1 kwa kilometa 1,000 kuwa ukomo wa juu unaovumilika. Kwa maoni yetu nusu ya kiasi hicho inatosha kumfanya mwenye gari aanze kuchunguza. Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba takriban lita 1 tu. Ikipungua robo tatu, injini imebaki karibu kukauka. Kabla ya kupima, boksi bapa litandikwe chini ya injini usiku mmoja, kwani oili inayodondoka haiwezi kulaumiwa kuwa inaungua. Upo pia mtego: silinda isiyowaka humwaga petroli mbichi ndani ya oili, na kijiti cha kupimia kikaonyesha kuwa haikupungua. Oili inayonuka petroli imwagwe.

Moshi wa bluu nao una saa zake. Ukitoka kwa wingi wakati wa kuwasha asubuhi kisha ukakoma, au baada ya kusimama foleni na kukanyaga mafuta, sili za vali hushukiwa, kwa maana oili huteremka kidogokidogo injini ikiwa imetulia. Ukitoka kwa mfululizo gari likivuta mzigo, ringi za pistoni ndizo za kutazamwa.

Hapo ndipo kipimo cha kompresheni kinapohitajika. Silinda hupimwa ikiwa kavu, kisha kijiko kimoja cha oili humiminwa kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Shinikizo likipanda wazi, ringi au ukuta wa silinda umelika. Lisipopanda, vali haifungi sawasawa au gasketi ya kichwa cha injini imeungua.

Lakini kipimo hiki kina mipaka ambayo baadhi ya mafundi huiruka. Hakisemi lolote kuhusu sili za vali, na kompresheni yaweza kuwa nzuri huku ringi ya chini, ile ya kupangusa oili, ikiwa imegandishwa na kaboni. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, ya ujazo wa lita 1.8, ni mfano unaojulikana: katika zile za awali, matundu ya pistoni ya kurudishia oili yalikuwa membamba na yaliziba, gari likala oili ilhali nguvu zake zimebaki.

Kubadilisha plagi kila mwezi, au kuweka oili nzito zaidi, kwaweza kuahirisha gharama kwa mtu anayezichanga. Asiache tu kupima oili, kwani injini nyingi za namna hii hufa kwa kukaukiwa na oili kabla ya uchakavu wenyewe kuziua.

Kwa madereva wa Halmashauri, kiasi cha oili kilichoongezwa kiandikwe katika logibuku pamoja na kilometa za siku hiyo, na nakala iambatane na gari linapopelekwa TEMESA. Mwananchi anayekwenda gereji aombe arudishiwe plagi za zamani, kila moja ikiwa na namba ya silinda ilikotoka, pamoja na vipimo viwili vya kompresheni vilivyoandikwa kwenye karatasi, kabla hajakubali kichwa cha injini kifunguliwe.