Wimbo Una Mwenyewe, Ajapoupiga Mwingine

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Maneno hayo yalisemwa zamani, wakati tuzo ilipotoka mkononi mwa jirani aliyekuwapo pale pale uwanjani, akaitia mfukoni mwa mchezaji huku watu wakishangilia. Siku hizi kijana wa Umoja au Kayole, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, hucheza kwao kweli kweli, tena chumbani mwake, naye akatuzwa na watu walioko Mombasa, Maskati au London ambao hatawaona maisha yake yote.

Nazungumzia, msomaji mpenzi, wale vijana wanaopiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilotiwa umeme, wakaimba nyimbo za bendi waipendayo, kisha wakazitia katika intaneti ili kila mtu azisikilize. Chombo cha kunasia sauti ni simu. Simu huegemezwa kwenye sufuria au mtungi wa maji, dirisha likafungwa, na kazi ikaanza. Wengi huchagua usiku mkuu au mapema alfajiri, kwa sababu mchana makelele ya matatu, ya watoto wa ploti na ya redio za majirani hayampi mtu nafasi. Wimbo wenyewe ni wa dakika mbili au tatu. Wanaoutoa hawalipwi senti, na wengi hawatarajii kulipwa.

Bendi ambayo nyimbo zake nimezisikia zaidi katika vyumba hivyo ni Sauti Sol. Bendi hiyo ilianza mwaka 2005 hapo hapo Nairobi, na albamu yake ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008. Siri ya kupendwa kwake na wapigaji wa chumbani haifichiki. Nyimbo zake za mwanzo zilisimama juu ya sauti za watu wachache zilizopandana vizuri, na gitaa la Polycarp Otieno likitembea chini yao. Asiye na ngoma, tarumbeta wala kinanda anaweza kuzipiga na zikatambulika. Mwaka 2023 wenyewe walitangaza kwamba wanakwenda kupumzika, wakawaaga mashabiki wao kwa onyesho kubwa mwezi wa Novemba. Walionyamaza ni bendi. Mitaani nyimbo hazikunyamaza.

Nimewasikia wazee wenzangu wakisema kwamba huu ni uvivu, kwamba kijana mwenye akili atunge lake aache la mwenziwe. Wengine wanasema ni wizi mtupu. Mimi siafikiani nao, lakini siwaachii vijana vivi hivi. Kuuiga wimbo ni ada ya kale ya mitaa hiyo, na ada hiyo ina sharti lake.

SANTURI NA PENSELI

Tuanze na ada. Mitaa ya Pumwani, Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Bahati ilikuwa na gitaa kavu zamani, kabla hata ya Kenya kupata uhuru. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920, na Majengo yake mpaka leo yana misikiti na jamaa zetu wengi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na ukumbi wake ulikuwa mahali pa siasa mchana na pa dansi usiku. Watu walitoka Kakamega, Kisumu, Murang'a, Taita na pwani, wakakutana katika vyumba vidogo, na lugha iliyowaunganisha katika nyimbo ikawa Kiswahili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Kongo. Akamnasa sauti. Santuri zake zikaenea Afrika Mashariki nzima, naye mwenyewe baadaye akaja kupiga Nairobi. Mwenziwe, Edouard Masengo, naye alikuja akakaa. Vijana wa Nairobi waliona kwamba mtu mmoja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, anaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, moja ikienda chini na nyingine ikijibu juu. Wakakaa kitako kuiga.

Kuiga kwenyewe kulikuwa na taabu yake. Mwenye santuri aliinua sindano akairudisha nyuma mara ishirini mpaka santuri ikakwaruzika. Asiye na santuri alitegemea redio, na redio hairudii. Alisikiliza mara moja, akashika aliyoyashika, mengine akayajaza mwenyewe. Aliyetaka kupandisha sauti ya gitaa alifunga penseli kwa mpira juu ya nyuzi. Waliotokea magharibi ya Kenya, kama marehemu George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, waliichanganya sauti hiyo na miguu ya ngoma za kwao, na mwenzao akagonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Kwa hiyo aliyeanza kwa kuiga aliishia na kitu chake. Penseli ile siku hizi imekuwa kibano cha dukani, na sindano ya santuri imekuwa kidole kinachorudisha video nyuma. Kazi ni ile ile.

Nasi watu wa pwani tusijitoe. Fundi Konde, mwana wa Kimijikenda aliyezaliwa mwaka 1924, aliyewatumbuiza askari hadi Burma wakati wa vita vya pili vya dunia, ndiye aliyewafundisha wengi Nairobi jinsi gitaa linavyoweza kuandamana na Kiswahili laini. Alifariki mwaka 2000. Wimbo wake wa Tausi ungali unapigwa na watu ambao hawakuzaliwa alipoutoa.

AMANA YA JINA

Sasa nije kwenye sharti. Tuliosomeshwa chuoni tunajua kwamba elimu haipokewi ovyo. Hadithi huja na isnadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Isnadi ikikatika, neno lenyewe hutiwa shaka. Washairi wetu nao walikwenda njia hiyo hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi karne ya kumi na tisa, na hakuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaeleza kwa W. E. Taylor, na mwaka 1940 ndipo diwani yake ikapigwa chapa. Katika miaka yote hiyo ya katikati, kilichomhifadhi Muyaka ni watu walioyakariri mashairi yake na kutanguliza neno moja: kasema Muyaka. Wangalinyamaza jina, leo tungekuwa na beti nzuri zisizo na baba.

Najua wamo miongoni mwa wasomaji wasiopendelea ala za nyuzi, na khitilafu za wanavyuoni katika jambo hilo zinajulikana. Sikuja hapa kutoa fatwa. Lakini kumrudishia mtu jina lake ni amana, na katika amana hatuna khitilafu.

Tazameni yaliyoufika wimbo wa Malaika. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Nairobi, na katika miaka ya 1960 ukavuka bahari. Miriam Makeba akauimba, akautia na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965. Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Huku nyumbani mabishano yakazuka. Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye Nairobi katika miaka ya 1940. Wengine wakamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukufariki pamoja naye. Katika safari yote hiyo wimbo ulipita mikono mingi, na si kila mkono uliouliza ulikopokea.

Daudi Kabaka naye alipata sehemu yake. Helule Helule, aliouimba hapa Kenya, ulichukuliwa na vijana wa Kiingereza waitwao The Tremeloes, na mwaka 1968 ukaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Ni Waingereza wangapi walioucheza wimbo ule wakimjua Kabaka?

KIJANA WA JERICHO

Katika mtaa wa Jericho nilizungumza na kijana mmoja, fundi wa simu mchana na mpiga gitaa usiku. Vidole vyake ni vyepesi, mashallah, na sauti haimsumbui. Alikuwa ameweka nyimbo zipatazo kumi za Sauti Sol, na chini ya mmoja wao msikilizaji wa mbali alikuwa amemsifu kwa kutunga maneno matamu kama yale. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimshukuru tu, mzee," akaniambia. "Nilidhani kila mtu anajua hii ngoma ni ya Sauti Sol. Mimi naipiga kivyangu."

Nikamwambia, "Mwanangu, mtu yule hakujua. Nawe ulimwacha hajui."

Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia jambo ambalo sikumuuliza. Mwaka uliotangulia alitunga wimbo wake wa kwanza, wa kumliwaza mamake aliyefiwa na nduguye. Mpigaji wa mtaa mwingine aliusikia, akaupenda, akaupiga vizuri kuliko yeye na kuuweka bila jina lolote. Wimbo ukazunguka. Ukamrudia yeye mwenyewe kwa simu ya shangazi yake, aliyemwambia ajifunze kutunga kama yule. Alipoueleza ukweli, shangazi alicheka, akidhani ni mzaha.

"Si pesa, mzee," akasema. "Ule wimbo ulikuwa wa mama."

Jioni ile ile alizifungua nyimbo zake zote kumi, akaandika chini ya kila mmoja jina la wenyewe. Kazi hiyo haikumaliza hata nusu saa.

SHERIA NA UUNGWANA

Huenda msomaji akauliza sheria yasemaje. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki ndiyo inayoisimamia. Kwa ufupi, mna haki mbili ndani ya wimbo mmoja: haki ya utunzi, yaani maneno na sauti yake, na haki ya ile rekodi iliyotiwa studio. Anayepiga kwa gitaa lake hagusi rekodi, lakini utunzi ameugusa. Ndiyo maana mitandao mikubwa kama YouTube ina mitambo ya kuutambua wimbo wa mtu, na mwenyewe akitaka anaweza kudai mapato ya video badala ya kuifuta. Kutaja jina peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kisheria, na kijana anayetaka kuuza wimbo wa mwenziwe lazima aombe idhini.

Sauti Sol wenyewe walionyesha mpaka ulipo. Mwezi Mei 2022, wakati wa kampeni za urais, walilalamika hadharani kwamba muungano wa Azimio la Umoja umetumia wimbo wao wa Extravaganza bila idhini. Kampeni ya kutafuta ikulu si sawa na kijana wa chumba kimoja anayejifunza vidole. Mmoja anatafuta faida, mwingine anatafuta kujua. Lakini heshima ya jina inawapasa wote wawili, na kwa yule maskini ndiyo ada pekee anayoweza kuilipa.

Kwa hiyo nawausia wanangu wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu na kwingineko: pigeni, wala msione haya. Msipopiga, nyimbo hizi zitabaki makabatini kama santuri zilizokosa sindano. Lakini kila mnapoweka wimbo, andikeni mambo matatu: nani aliyetunga, mmeupokea kwa sauti ya nani, na nani anayepiga sasa. Ikiwa utunzi una mabishano, kama ule wa Malaika, semeni kweli: tumeupokea kwa Fadhili William, na mtunzi wake anabishaniwa. Hiyo ndiyo isnadi ya wimbo, nayo haizidi mstari mmoja.

Nasi tunaosikiliza tuna wajibu wetu. Tunapoletewa sauti tamu katika simu, kabla ya kuwapelekea jamaa kumi wengine, tuulize kwanza wimbo huo ni wa nani. Tukizoea kuuliza, wapigaji watazoea kutaja.