Lubaina Himid na Vyombo vya Nyumbani

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alipofariki kwa malaria, mamaye Mwingereza, mbunifu wa vitambaa, alirejea naye Uingereza akiwa mchanga wa miezi minne. Mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, alichora juu ya vyombo 100 vikuukuu vya mezani: nyuso za watumishi weusi, na mabwana wakitapika. Vilionyeshwa Lancaster, bandari iliyotajirika kwa biashara hiyo. Huchora pia kanga zenye maandishi. Mkazi wa Likoni hahitaji kuelezwa kwamba nguo husema. Tuzo ya Turner aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mara tu sharti la umri usiofikia miaka 50 lilipoondolewa.