Jengo la sayansi: tonge la fundi bomba liko kwenye matengenezo

CHUO Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanza mwaka 2007 pale Chimwaga, mazungumzo mitaani yalikuwa ya saruji, nondo na mabati. Ni kawaida yetu, tunatazama kuta. Lakini katika jengo la maabara, fedha nyingi na karibu usumbufu wote umejificha ndani ya kuta hizo: bomba za maji safi, bomba za majitaka, njia za gesi, feni za kuvuta hewa chafu na pampu.

Kazi hizo hazijaisha. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa HEET, unaojenga na kukarabati vyuo vikuu vya umma, UDOM kikiwamo. Je, mwenye duka la vifaa vya bomba pale Majengo anapata nini?

Mkataba mkubwa asiuote. Huo ni wa makandarasi waliosajiliwa na bodi yao, CRB. Tonge lake linakuja baadaye, pale mkandarasi anapomaliza kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja, na kuondoka. Koki zinaanza kuvuja na chuo kinatafuta mtu wa karibu.

Mtu huyo lazima aijue bidhaa. Bomba la kutoa maji kwenye sinki la maabara si la jikoni. Tindikali hula chuma, hivyo wajenzi hutumia plastiki ya polipropilini, na maji hayo hupitishwa kwanza kwenye shimo lenye mawe ya chokaa ili ukali upungue kabla ya kuungana na majitaka mengine. Fundi aliyezoea PVC akija na gundi yake, kiungo hakitashika. Polipropilini huungwa kwa joto au kwa viungio vya kukaza. Nimeona mafundi wazuri wakikosa kazi ya pili kwa jambo dogo kama hilo.

Halafu kuna maji yenyewe. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi, kila mwenye birika anajua ule ukoko mweupe. Ukoko huo huo huziba mitambo ya kuchemshia na kutonesha maji ya maabara. Mtambo wa kutonesha hutumia takriban lita 10 za maji ya kupoozea ili kupata lita 1 safi. Maabara inayotaka lita 20 kwa siku inamwaga lita 200, ndoo 10, katika mji ambao mvua hunyesha Desemba hadi Aprili tu. Maji hayo hayajagusa kemikali yoyote. Bomba moja la kuyarudisha kwenye tangi au kuyapeleka bustanini ni kazi ya siku chache, na fundi mdogo anaweza kuipendekeza mwenyewe.

Paa nalo lisisahaulike. Paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, hata tukitoa asilimia 20 inayopotea, linatoa lita 440,000. Gharama iko kwenye tangi, si kwenye mifereji.

Mlango wa kuingilia upo. Sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa hupitia mfumo wa NeST. Kikundi cha mafundi vijana kinaweza kujisajili.

Ila kabla ya kushangilia, piga hesabu ya kusubiri malipo. Tuseme umekopa shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ukanunua pampu na valvu, ukauza kwa faida ya asilimia 15. Faida ni shilingi milioni 1.5. Malipo yakichelewa miezi sita, riba imefika milioni 1.8, nawe umemfanyia chuo kazi kwa fedha yako. Ukilipwa ndani ya miezi mitatu, unabaki na shilingi 600,000. Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei, waulize waliowahi kuuza hapo walisubiri muda gani, na riba ya miezi hiyo iweke ndani ya bei.